Kabla Dalali Hajaja: Mipaka na Ucheleweshaji Unapouza Nyumba

Bei mmeshakubaliana. Mnunuzi ameleta kishika uchumba, mmepeana mikono, na wewe umeanza kuipangia matumizi hela ambayo haijaingia. Wiki ya pili anakuja na mpima wake. Mpima anazunguka ua na mtambo wake, anachimbachimba pembeni ya geti, anaandika, kisha anasema ukuta wa nyuma umeingia kwa jirani mita moja na nusu. Kuanzia hapo simu za mnunuzi zinakuwa chache. Dalali anakuambia uvute subira. Mwezi wa nne unakukuta bado umo kwenye nyumba uliyoiuza nusu, kishika uchumba kimeshaliwa, na mnunuzi anataka kirudishwe.

Mauzo mengi ya nyumba katika miji yetu, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza, hukwama kwa sura hii, na muuzaji huishia kuilaumu ofisi ya ardhi. Ofisi huchelewa, sikatai. Lakini faili lililokwama ukilifuatilia hadi mwisho, mara nyingi utakuta linasubiri kitu cha muuzaji: rehani ya zamani ambayo haikufutwa, saini ya mke, mirathi iliyoachwa njiani, au mpaka ambao mtaa mzima ulijua una maneno. Kwa hiyo anayetaka kuuza afanye uchunguzi wa mnunuzi kabla mnunuzi hajapatikana. Ni gharama, ndiyo. Ila mnunuzi aliyegundua kasoro mwenyewe hukata bei zaidi kuliko yule aliyeelezwa siku ya kwanza, na akishaanza kukushuku atataka kuchimba kila kona.

Unachouza ni nini

Kwa sheria za Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Unachouza ni haki ya kuimiliki kwa muda uliopewa, pamoja na ulichojenga juu yake. Kwa mwenye hati miliki muda huo huwa miaka 33, 66 au 99, na unahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye hati, hata kama wewe uliinunua nyumba mwaka juzi. Fungua hati uisome, maana watu huifungia kabatini miaka yote bila kuisoma. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1995 imebakiza muda mfupi, na benki inayomkopesha mnunuzi italiona hilo kabla ya kuona vigae vyako vipya.

Wengine wana leseni ya makazi, ambayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haiiruhusu kuzidi miaka mitano kabla ya kuhuishwa. Wengine, na hawa ni wengi, wana karatasi ya mauziano tu yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Nyumba hizo zinauzika kila siku, ila jua kwamba mnunuzi wa mkopo wa benki hayumo kwenye foleni yako, na anayelipa taslimu kwa nyumba ya karatasi hutaka bei ya karatasi. Kama mtaa wenu umepitiwa na urasimishaji na ramani imeshaidhinishwa, ningemaliza hatua zilizobaki hadi hati itoke, ndipo niite dalali.

Mwenye hati aombe upekuzi katika daftari la Msajili wa Hati. Ofisi za ardhi za mikoa zipo katika kila mkoa, huna haja ya kusafiri. Ada yake si kubwa. Majibu yatakuonyesha kama kuna rehani au zuio lililowekwa na mtu juu ya kiwanja chako. Rehani zilizosahaulika ni nyingi kuliko unavyodhani: mkopo uliisha zamani, hati ukarudishiwa mkononi, lakini hakuna aliyepeleka maombi ya kuifuta rehani kwenye daftari. Kama benki ile iliungana na nyingine au ilifungwa, kumtafuta wa kusaini ni kazi ya miezi. Ni heri miezi hiyo ipite wakati hakuna mnunuzi anayekusubiri.

Mipaka

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi.

Anza na bikoni. Kiwanja kilichopimwa kina nguzo fupi za zege zilizochimbiwa kwenye pembe zake, zenye chuma katikati na herufi na namba ambazo utazikuta pia kwenye ramani iliyoambatishwa na hati. Zitafute mwenyewe kwanza. Kwenye viwanja vya zamani huwa zimefukiwa na kifusi, zimemezwa na msingi wa geti, au ziling'olewa na mafundi wa ukuta waliodhani ni mawe ya kawaida. Usiirudishie mwenyewe iliyong'oka, hata kama unakumbuka ilipokuwa. Kuhamisha alama ya upimaji ni kosa kisheria, na bikoni iliyosimikwa na mwenye nyumba haina thamani mbele ya mtu yeyote.

Kisha mtafute mpima aliyesajiliwa, au mpima wa halmashauri, akague mipaka na akuandikie taarifa. Muulize anatumia kifaa gani. GPS ya mkononi, ile inayofanana na simu, inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Kwa shamba la ekari ishirini unaweza kuvumilia, lakini kwa kiwanja cha Sinza mita tatu ni chumba kizima. Mitambo ya kitaalamu hukosea kwa sentimita. Wala usizichukue namba za ramani ya zamani ukaziingiza kwenye ramani ya simu. Ramani nyingi za zamani zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960 na simu inatumia mfumo mwingine, kwa hiyo utajikuta mamia ya mita kutoka kwako, kwenye nyumba ya mtu usiyemjua. Wapo walioingiwa na hofu ya bure kwa ajili hiyo, na wapo wanunuzi walioondoka wakiamini wanatapeliwa.

Kwa nyumba isiyopimwa kazi ni nyingine. Viwanja vingi vya Goba, Mbagala au Chanika viliuzwa kwa hatua: ishirini kwa ishirini. Hatua za nani? Dalali mrefu na mzee mfupi hawatoki na kiwanja kimoja. Karatasi ikishasema hatua, chukua tepu, waite majirani wote mnaopakana nao pamoja na mjumbe, pimeni kwa mita na muandike upya. Kama mpaka ulikuwa mnazi au mstari wa minyaa, taja mti huo, kisha taja umbali wake kutoka kwenye kona ya nyumba. Huko Kilimanjaro masale yanaheshimika kama mpaka, na kuyang'oa ni kuanzisha ugomvi wa ukoo, lakini mnunuzi anayetoka mkoa mwingine haoni mpaka, anaona majani.

Ukiwa na mpima, mwambie asitazame ukuta peke yake. Mambo yanayovuka mpaka bila kelele ni karo la maji taka lililochimbwa wakati jirani hajajenga, paa linalomwaga maji upande wa pili, ngazi ya nje, na bomba la maji lililopitishwa kwa mwenzio kwa makubaliano ya mdomo. Njia ya kuingilia ndiyo huwa chungu kuliko yote. Gari lako limepita kwenye eneo la mzee wa jirani kwa miaka ishirini kwa wema wake tu, na wema huo hauhamishwi pamoja na nyumba. Kama geti lako linategemea ardhi ya mtu, pata makubaliano ya maandishi sasa, mzee angali hai.

Ipo pia mipaka ya serikali, ambayo jirani hawezi kukusamehe. Hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, baada ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 kuipanua kutoka mita 22.5. Kwenye Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kibaha, eneo la hifadhi lilihesabiwa zaidi ya mita 120 kila upande, na watu walioishi hapo miaka mingi walibomolewa mwaka 2017. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto, ziwa au bahari. Waliobomolewa bonde la Msimbazi wanajua. Kama uko karibu na barabara au maji, nenda TANROADS, TARURA au halmashauri uulize ukiwa na ramani mkononi. Nyumba iliyowekewa X, alama ya kubomolewa, haiuzwi kimyakimya. Ukiiuza ukijua, mnunuzi atakutafuta, na atakuwa na haki.

Kuzungumza na jirani

Mpaka ukiwa na maneno, usianze na barua ya wakili. Nenda mwenyewe, jioni, bila dalali. "Shikamoo mzee. Nimekuja kukutaarifu kwamba natarajia kuuza, na siku ya Jumamosi mpima atakuja kukagua mipaka. Ningependa uwepo." Sentensi hizo zinatosha kwa ziara ya kwanza. Jirani aliyealikwa kwenye upimaji huwa shahidi. Aliyeona vijiti vimechomekwa asubuhi bila taarifa huwa mpinzani, hata pale ambapo vipimo vinampa haki yeye.

Ukikuta wewe ndiye uliyeingia kwake, una njia tatu, na kwa maoni yangu mpangilio wake ni huu. Ya kwanza, bomoa kipande cha ukuta ukirudishe ndani. Inauma, lakini mita kumi na mbili za tofali ni kazi ya mafundi ya wiki moja, na mpaka ukishakaa sawa hakuna wa kukuuliza tena. Ya pili, jirani akikubali kukuuzia kile kipande, mtahitaji kugawa kiwanja chake na kuunganisha kipande hicho na chako: mchoro mpya wa mipango miji, upimaji mpya, idhini, na marekebisho ya hati zote mbili. Inawezekana, lakini usiianze kama unategemea kuuza mwaka huu. Ya tatu ni kuuza hivyo hivyo, kasoro ikiwa imeandikwa kwenye mkataba na bei imepunguzwa. Njia hii ni halali kabisa, mradi mnunuzi ajue, jirani ajue, na maandishi yaseme nani atasogeza ukuta na lini.

Kama jirani ndiye aliyeingia kwako, angalia amekaa hapo tangu lini. Sheria ya ukomo inatoa miaka 12 ya kudai ardhi. Baada ya hapo madai yako yanakuwa dhaifu hata kama ramani iko upande wako. Na hata ndani ya muda huo, jiulize kipande hicho kina thamani gani ukilinganisha na mauzo yatakayosimama. Mimi ningemsamehe jirani nusu mita ya uchochoro ili niuze kabla ya mvua za masika. Nisingemsamehe mita nne.

Mkikubaliana, andikeni. Karatasi iwe na majina kamili, mchoro wenye vipimo kwa mita, saini za pande zote na za wenzi wao, mashahidi, na muhuri wa mtendaji. Pigeni picha mkiwa mmesimama kwenye pembe husika. Mkishindwana, mahali pa kuanzia ni Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 halitoi hukumu tena: linapatanisha. Likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, na zikipita siku 30 bila suluhu unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hati hiyo. Huko wilayani hesabu za wiki zinaisha. Shauri likishafunguliwa, nyumba yako ina mgogoro rasmi, na mnunuzi mwenye akili ataondoka. Ndiyo maana nasisitiza mazungumzo ya barazani kwa jirani, hata kama yatakugharimu kipande cha ukuta na soda kreti moja.

Jambo jingine kuhusu ukubwa. Hati inasema mita za mraba 600, tepu ya mnunuzi inasema 570. Usibishane naye hapo uani. Tofauti inaweza kutokana na ukuta uliojengwa ndani ya mpaka, barabara ya mtaa iliyojimegea kipande, au tepu iliyopindishwa kwenye kona. Mpima ndiye wa kusema. Kwenye tangazo andika ukubwa ulio kwenye ramani iliyoidhinishwa, na kwenye mkataba taja namba ya kiwanja, kitalu na namba ya ramani. Ukitangaza "kama mita mia saba hivi", mia hizo utadaiwa.

Mke, mume na marehemu

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Ofisi ya ardhi itataka ridhaa hiyo kwa maandishi. Asiye na ndoa ataapa kiapo mbele ya wakili. Mwenye wake wawili asijifanye ana mmoja; zuio la mke wa pili huwekwa kwa haraka ya ajabu. Zungumza na mwenzio kabla ya tangazo, umweleze mtahamia wapi, kwa sababu saini inayocheleweshwa kwa wiki sita mara nyingi ni swali ambalo halijajibiwa nyumbani.

Nyumba ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa, wala na kikao cha ukoo. Inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa Mahakama ya Mwanzo barua yake ya uteuzi ni Fomu Na. 4, na nyumba huhamishiwa kwanza kwenye jina lake kama msimamizi ndipo iende kwa mnunuzi. Warithi wakubaliane kwa maandishi kuhusu kuuza na kuhusu bei ya chini kabisa. Nimeona mauzo ya nyumba za urithi yakifa dakika ya mwisho kwa sababu mrithi mmoja aliyeko Mwanza alisikia bei kwa mtu baki. Bora simu kumi za mapema.

Aliye Muscat, London au Minnesota na anauza nyumba ya Tabata amwachie ndugu hati ya uwakilishi inayotaja kiwanja kwa namba zake, na aisajili. Karatasi inayosema tu "namruhusu mdogo wangu ashughulikie mali zangu" itarudishwa dirishani.

Kodi, vibali na foleni

Mauzo ya nyumba yenye hati hupitia fomu za ardhi, hasa Na. 29 ya kutoa taarifa ya mauziano, Na. 30 ya kuomba kibali na Na. 35 ya uhamisho wenyewe. Wakili atazijaza. Kazi yako ni kuhakikisha jina kwenye hati, kitambulisho cha NIDA na TIN ni lile lile. Hati ikiandika Mohamedi na kitambulisho kikiandika Muhammad Juma, utahitaji kiapo cha majina, kiandae mapema. Lipa pia kodi ya pango la ardhi hadi mwaka huu. Watu huichanganya na kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU. Hizo ni kodi mbili tofauti, na ya pango ndiyo husimamisha faili.

Halafu TRA. Muuzaji mkazi hulipa kodi ya ongezeko la mtaji ya asilimia 10 ya faida, na asiye mkazi hutozwa zaidi. Faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua, kujenga na kuboresha, na gharama hizo TRA inataka kuziona kwenye karatasi. Risiti za saruji na nondo zako ziko wapi? Mkazi asiye na kumbukumbu anaweza kutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa, kwa utaratibu ulioletwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Na kama ni makazi yako binafsi, umeyamiliki miaka mitatu au zaidi na umeishi humo, faida isiyozidi shilingi milioni 15 haitozwi. Piga hesabu hizi kabla ya kutaja bei, kwani wapo wanaotaja bei kwanza, wakakutana na kodi baadaye, kisha wanamrudia mnunuzi kutaka nyongeza. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida hubebwa na mnunuzi, lakini usiache kwenye "kwa kawaida", uandikwe.

Utashauriwa muandike mkataba wa bei ndogo kwa ajili ya TRA na mwingine wa bei ya kweli. Kataa. Thamani huangaliwa na mthamini na taarifa yake hupitiwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo bei ya kubuni hugonga ukuta na faili kurudi. Tena siku mnunuzi akigoma kumalizia, mkataba utakaoupeleka mahakamani ni upi?

Serikali ya mtaa itakuwa shahidi wenu, na ni vizuri iwepo. Baadhi ya mitaa hudai asilimia 10 ya bei. Sheria ya Ardhi haina asilimia hiyo. Uliza kwa upole inatoka kwenye kifungu gani, na chochote utakacholipa kiwe na risiti ya serikali.

Mkataba unaojua kwamba mambo huchelewa

Sheria inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi. Uandikwe na wakili, na tarehe zake zifungwe kwenye matukio. "Mnunuzi atamaliza malipo tarehe 30 Juni" ni mtego kwenu nyote, kwa sababu kibali kikichelewa, Juni itafika na hakuna mwenye makosa ila kila mtu ana hasira. Andika "ndani ya siku 14 tangu kibali cha uhamisho kutoka". Kisha weka kikomo cha juu, tuseme miezi sita, ambapo upande wowote unaweza kujitoa na fedha zikarudi kwa utaratibu uliotajwa. Tajeni nani atafuatilia kila ofisi na nani atalipa nini. Tajeni kama kishika uchumba kinarudi chote mnunuzi akikuta kasoro ya mpaka ambayo hukuisema, na kama unabaki nacho pale anapobadilisha mawazo tu.

Kishika uchumba chenyewe usikitumie. Kiweke benki. Ukikila, umepoteza uwezo wa kumwambia mnunuzi msumbufu aende zake.

Malipo yapite benki, kwa awamu. Wanunuzi wengi hupenda kubakiza sehemu ya mwisho hadi jina libadilike, nayo ni haki yao. Wewe baki na funguo hadi sehemu kubwa iingie. Kumruhusu ahamie "kwa muda" huku akidaiwa nusu ya bei ni kumgeuza mpangaji asiyelipa kodi. Kama una wapangaji, wape taarifa ya maandishi mapema na uandike kwenye mkataba kama nyumba inauzwa ikiwa tupu au na wapangaji wake.

Wakati wa kusubiri, mpigie mnunuzi kila wiki hata kama huna jipya. "Faili bado liko kwa afisa ardhi mteule, nimeambiwa nirudi Alhamisi." Mnunuzi anayejua faili liko dirisha gani hatafuti nyumba nyingine. Yeye naye akianza kuchelewa, omba ushahidi: barua ya benki ya mkopo, ratiba ya mthamini wao. Anayetoa sababu mpya kila wiki bila karatasi hata moja, mpe notisi kupitia wakili na uendelee na wengine. Kuhusu dalali, kubaliana naye malipo yake kwa maandishi na uonane na mnunuzi ana kwa ana kabla ya bei kufungwa. Cha juu, yaani nyongeza ya dalali juu ya bei yako, kilichowekwa nyuma ya mgongo wako hugundulika siku ya kusaini, na siku hiyo ndiyo mnunuzi huondoka.

Siku ya kukabidhi

Zungukeni mipaka pamoja, wewe na mnunuzi, bikoni kwa bikoni, majirani wakiwepo kama inawezekana, kisha msaini karatasi kwamba ameonyeshwa na ameridhika. Soma mita ya maji, lipa deni, na muifahamishe TANESCO kuhusu mmiliki mpya. Mtambulishe kwa mjumbe.

Fungua jalada moja: mkataba, taarifa ya mpima, makubaliano na jirani, picha za pembe, ridhaa ya mwenzi, risiti za TRA na stakabadhi za benki. Jirani au mrithi anaweza kuibuka akiwa na madai juu ya kiwanja hicho wakati wewe umeshahamia Dodoma, na mnunuzi atakuita uwe shahidi. Jalada hilo usilitupe kabla miaka 12 haijapita.